Ngoma Iliyozikwa Mapema: Msimulizi, Wakati na Hatia katika Riwaya na Filamu ya Die Blechtrommel

Utangulizi

Riwaya inapogeuzwa kuwa filamu, swali la kwanza linaloulizwa na wasomaji wengi ni lile la uaminifu: je, filamu imeifuata riwaya au imeipotosha? Swali hili lina mvuto wake, lakini halimfikishi mhakiki mbali, kwa kuwa hakuna filamu inayoweza kuibeba kila kurasa ya kitabu. Swali lenye tija zaidi ni hili: kipande fulani cha riwaya kinapokatwa, ni nani anayeondolewa lawama?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia filamu ya Kijerumani Die Blechtrommel, yaani 'Ngoma ya Bati', iliyoongozwa na Volker Schlöndorff mwaka wa 1979, pamoja na riwaya ya Günter Grass yenye anwani iyo hiyo iliyochapishwa mwaka wa 1959. Hoja inayojengwa ni kwamba filamu hii, licha ya ubora wake usio na shaka, iliibadilisha kesi yenyewe pale ilipoiacha sehemu ya tatu ya riwaya na kumwondoa msimulizi kitandani mwake. Katika riwaya, wanaoshtakiwa ni watu wa wakati wa kuandikwa kwake. Katika filamu, wanaoshtakiwa ni watu wa zamani. Tofauti hii si ya urefu wa kazi tu. Ni tofauti ya kimaadili.

Riwaya, Filamu na Historia

Günter Grass alizaliwa mwaka wa 1927 katika mji wa Danzig, ambao leo unaitwa Gdańsk na uko nchini Poland. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Danzig ulifanywa mji huru chini ya uangalizi wa Shirikisho la Mataifa kuanzia mwaka wa 1920. Wakazi wake wengi walikuwa Wajerumani, lakini waliishi pamoja na Wapolandi, Wakashubi na Wayahudi. Mji huu ndio uliokuwa mlango wa Vita vya Pili vya Dunia, kwani tarehe 1 Septemba 1939, siku ya kwanza ya vita hivyo, ofisi ya posta ya Poland iliyokuwa hapo ilishambuliwa.

Riwaya ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inaanzia mwaka wa 1899 katika shamba la viazi la Wakashubi, ambapo Anna Bronski anamficha mtoro chini ya sketi zake nne. Kutokana na tukio hilo anazaliwa Agnes, mamake mhusika mkuu. Agnes anaolewa na Alfred Matzerath, Mjerumani mwenye duka la vyakula, lakini haachi uhusiano wake wa kimapenzi na binamu yake Jan Bronski, anayefanya kazi katika posta ya Poland. Kwa hiyo, Oskar Matzerath, anayezaliwa mwaka wa 1924, ana wanaume wawili wanaoweza kuwa baba yake, mmoja Mjerumani na mwingine Mpolandi. Anapotimiza miaka mitatu anapewa ngoma ya bati. Siku hiyo hiyo anaamua kutokua tena, na anajiangusha kwenye ngazi za sela ili watu wazima wapate sababu ya kuieleza hali yake. Zaidi ya hayo, ana sauti inayoweza kuvunja vioo anapotaka kunyang'anywa ngoma yake.

Sehemu ya pili inahusu vita: kuuawa kwa Jan baada ya posta kutekwa, safari za Oskar na kikundi cha wasanii mbilikimo wanaowaburudisha askari, na hatimaye kuingia kwa jeshi la Kisovieti mwaka wa 1945. Sehemu ya tatu inahamia Düsseldorf, Ujerumani Magharibi, na kuendelea hadi mwaka wa 1954.

Filamu ilichukua sehemu mbili za kwanza pekee. Mswada wake uliandikwa na Schlöndorff, Jean-Claude Carrière na Franz Seitz, naye Grass mwenyewe akachangia katika mazungumzo ya wahusika. Nafasi ya Oskar ilichukuliwa na David Bennent, mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1966. Mwaka wa 1979 filamu ilipata Palme d'Or katika tamasha la Cannes, tuzo iliyogawanywa kati yake na Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola. Mwaka uliofuata ikatunukiwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na ikawa filamu ya kwanza ya Kijerumani kuipata tuzo hiyo.

Mwili Usiokua na Ngoma Isiyonyamaza

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili ya miongo ya karibuni hatashangazwa na mtoto anayeamua kutokua. Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Nagona mwaka wa 1990 na Mzingile mwaka wa 1991, na baadaye Said Ahmed Mohamed na K. W. Wamitila walipotoa Babu Alipofufuka (2001) na Bina-Adamu! (2002), wahakiki wamezoea kuona jinsi matukio yasiyowezekana yanavyoweza kuueleza ukweli ambao uhalisia wa kawaida unashindwa kuubeba. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba ajabu katika kazi ya fasihi haina thamani kwa kuwa ni ajabu tu. Ni sharti iulizwe: ajabu hii inafanya kazi gani?

Ajabu ya Oskar inafanya kazi mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, mwili wake mdogo unampa mahali pa kuchungulia. Hakuna mtu anayemwogopa mtoto wa miaka mitatu; kwa hiyo watu wazima wanazini, wanadanganya na kujiunga na chama cha Wanazi mbele ya macho yake. Kwa upande mwingine, mwili huo ni maficho. Oskar ana akili ya mtu mzima tangu kuzaliwa, lakini anajificha katika utoto ili asiwajibike kwa lolote. Grass ameumba mhusika anayelifichua taifa zima na wakati huo huo kulifanana. Wangapi walisema baada ya vita kwamba walikuwa wadogo, hawakujua, hawakuwa na uwezo?

Mandhari ya mkutano wa hadhara yanalidhihirisha jambo hili vizuri zaidi. Wanazi wamepanga gwaride. Oskar anaingia chini ya jukwaa na kuanza kupiga ngoma kwa mdundo mwingine. Wapiga tarumbeta wanapotea, mwendo wa kijeshi unageuka kuwa walsi, na umati uliokuja kusikiliza hotuba unaanza kucheza dansi. Katika filamu tukio hili limetengenezwa kwa ustadi mkubwa: mtazamaji anaona miguu, buti na mbao kutoka chini, kwa kimo cha mtoto, kisha anaona nidhamu ya umati ikiyeyuka mbele yake.

Ni rahisi kulisoma tukio hili kama ushujaa. Lakini katika riwaya Oskar mwenyewe anamwonya msomaji asimchukulie kuwa mpigania ukombozi. Onyo hilo ni muhimu. Kiswahili kina neno moja, ngoma, kwa chombo, kwa mchezo unaochezwa, na hata kwa kusanyiko la kuwapunga pepo. Upana huo wa maana unasaidia kulielewa tukio hili: katika ngoma, anayepiga na anayecheza hawatenganishwi. Umati unaoacha gwaride na kucheza walsi kwa sababu tu mdundo umebadilika ni umati ule ule utakaovunja maduka ya Wayahudi mdundo utakapobadilika tena. Tukio linachekesha, lakini ndani ya kicheko mna shtaka. Walioshtakiwa si waliosimama juu ya jukwaa pekee, bali pia wale waliokuwa chini wakisubiri kupigiwa.

Nani Anasimulia, na Yuko Wapi?

Hadi hapa riwaya na filamu zinaenda pamoja. Zinaachana katika suala la msimulizi.

Riwaya inafunguliwa na ungamo: msimulizi anakiri kwamba amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Yuko kitandani, mlinzi wake Bruno anamchungulia kupitia tundu la mlango, na karatasi anazoandikia ameletewa na Bruno huyo huyo. Anapotaka kukumbuka anapiga ngoma, kisha anaandika kile ambacho ngoma imemrudishia. Wakati wa usimulizi ni miaka ya mwanzo ya 1950, naye anakaribia kutimiza miaka thelathini. Kwa hivyo, kila tukio la Danzig linatufikia kupitia kinywa cha mtu mzima wa Ujerumani Magharibi, mtu anayechunguzwa kwa tuhuma za mauaji na mwenye sababu nyingi za kujitetea.

Usimulizi wenyewe unayumba kimakusudi. Oskar anahama kutoka nafsi ya kwanza hadi ya tatu, wakati mwingine katika sentensi moja: 'mimi' anapotaka kujisifu, 'Oskar' anapotaka kujiweka mbali na tendo, na wakati mwingine kinyume chake. Kuna mahali ambapo Bruno anachukua kalamu, na mahali pengine ushahidi wa Gottfried Vittlar, rafiki aliyemshtaki, unaingizwa. Huyu ndiye msimulizi asiyeaminika kwa maana kamili ya dhana hiyo. Haitoshi kusema kwamba anadanganya. Jambo la msingi ni kwamba anamfundisha msomaji namna ya kumshuku.

Mfano bora ni kifo cha Jan Bronski. Oskar ndiye aliyemrudisha Jan kwenye posta, kwa sababu alitaka ngoma yake mbovu itengenezwe. Posta inashambuliwa, walinzi wanasalimu amri, na Jan anachukuliwa kwenda kuuawa. Sura inayosimulia hayo inaisha. Katika sura inayofuata Oskar anasema ameyasoma upya aliyoyaandika na hakuridhika nayo. Kalamu yake ilifupisha na kutia chumvi, kama haikusema uongo. Ndipo anapoongeza kile alichokuwa amekiacha: kwamba mbele ya askari alijifanya mtoto anayelia, akamwonyesha Jan kwa ishara kana kwamba ndiye aliyemteka na kumtumia kama ngao. Kifo kile kile kinasimuliwa mara mbili, na tofauti kati ya masimulizi hayo mawili ndiyo hatia yenyewe. Vivyo hivyo kuhusu kifo cha Matzerath, anayekufa akijaribu kuimeza beji yake ya chama mbele ya askari wa Kisovieti. Kwanza tunaona ajali. Baadaye, kaburini, Oskar anakiri kwamba alimrudishia beji hiyo ikiwa na pini iliyofunguliwa, naye alikusudia.

Filamu haina kitanda wala tundu la mlango. Oskar anasimulia kwa sauti ya kitoto, lakini sauti hiyo haina mahali. Mtazamaji hajui inatoka wapi wala inazungumza na nani. Wala si rahisi kwa filamu kuigiza tendo la kujisahihisha, kwa kuwa picha humjia mtazamaji kama jambo lililokwisha kutokea. Kinachoonekana kinaaminika. Maandishi yanaweza kusema, 'Nilichokiandika jana kilikuwa na upungufu'; picha inahitaji mbinu nyingi ili iseme vivyo hivyo. Schlöndorff alichagua kutofuata njia hiyo. Matokeo yake ni kwamba Oskar wa filamu ni shahidi, ilhali Oskar wa riwaya ni mshtakiwa anayejifanya shahidi.

Sehemu ya Tatu Iliyoachwa

Filamu inafikia tamati mwaka wa 1945. Matzerath anazikwa, Oskar anaitupa ngoma yake kaburini, anapigwa jiwe na kuanza kukua. Duka limechukuliwa na Bw. Fajngold, Myahudi aliyenusurika katika kambi ya Treblinka, ambaye huzungumza na jamaa zake waliouawa kana kwamba wamesimama naye chumbani. Kisha gari moshi linaondoka kuelekea magharibi, na nyanya mzaa mama anabaki katika shamba la viazi, pale pale hadithi ilipoanzia.

Sababu za kuishia hapo zinaeleweka. Filamu tayari ina zaidi ya saa mbili. Katika sehemu ya tatu Oskar anakua na kuota kigongo. Mtoto aliyeibeba filamu nzima kwa macho yake asingeweza kumwigiza mtu huyo. Aidha, kuanza na kumaliza katika shamba moja kunaipa filamu umbo la duara linalopendeza. Ni lazima ikubalike kwamba, kisanaa, uamuzi huu una mantiki.

Hata hivyo, yafaa kutazama ni nini kilichoachwa nje ya duara hilo. Katika Düsseldorf ya riwaya, Maria, mjane wa Matzerath, anaanza na biashara ya magendo na kuishia kuwa mwenye duka la heshima. Oskar anachonga mawe ya makaburi, kisha anakuwa mpiga ngoma katika kilabu cha usiku kilicho chini ya ardhi, kiitwacho Sela ya Vitunguu. Huko hakuuzwi chakula. Kila mgeni anapewa kibao, kisu na kitunguu, na anakikata hadi machozi yamtoke. Watu hawa wenye pesa na kazi nzuri wamesahau kulia, kwa hivyo wanalipa ili walizwe. Baadaye Oskar anaingia mkataba na wakala wa tamasha, anazunguka mjini hadi mjini akiwapigia ngoma wazee, na anatajirika. Kumbukumbu imekuwa bidhaa. Kilio kimekuwa burudani ya jioni, na asubuhi kila mtu anarudi kazini akiwa mwepesi.

Kuna tukio jingine la kutisha zaidi. Katika miaka ya 1950, usiku, ndani ya tramu, Oskar na Vittlar wanakutana na wanaume wawili waliovaa kofia za kijani ambao wamemkamata Viktor Weluhn, mmoja wa walinzi wa posta ya Poland aliyefaulu kutoroka mwaka wa 1939. Wanaume hao wana amri ya kumuua iliyotolewa wakati wa vita, na hawaoni sababu ya kutoitekeleza. Vita vimekwisha, serikali iliyotoa amri imeanguka, lakini amri ingali mfukoni.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hapa Grass ametia chumvi. Historia inaonyesha kwamba hakuwa mbali na ukweli. Walinzi 38 wa posta hiyo walihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Ujerumani na kuuawa kwa kupigwa risasi tarehe 5 Oktoba 1939. Hukumu hiyo ilibatilishwa na mahakama ya Ujerumani mjini Lübeck mwaka wa 1998, karibu miaka sitini baadaye. Kisheria, hati ile ilikuwa ingali hai kwa muda wote huo. Ajabu ya riwaya ilikuwa imeusema ukweli ambao sheria ilichelewa kuukubali.

Hayo yote hayamo katika filamu. Mwaka wa 1959, Mjerumani aliyeisoma riwaya alijikuta ndani yake, na kisu na kitunguu mkononi. Mtazamaji wa filamu anaondoka akiwa amewaona wazazi wake, au babu zake, katika mji ambao si wa Ujerumani tena.

Hadhira ya Mwaka wa 1979

Huenda ikadaiwa kwamba shutuma hii ni kali mno, kwa kuwa filamu ilitoka katika mwaka ambao Ujerumani Magharibi haikuhitaji kukumbushwa. Mnamo Januari 1979, tamthilia ya Kimarekani ya Holocaust ilionyeshwa katika televisheni ya nchi hiyo na kutazamwa na mamilioni ya watu. Julai mwaka huo huo, bunge liliondoa ukomo wa muda wa kushtaki makosa ya mauaji, hatua iliyowazuia wauaji wa enzi ya Wanazi kukwepa sheria kwa kupita kwa miaka. Filamu ya Schlöndorff ilizinduliwa kati ya matukio hayo mawili. Hadhira yake ya kwanza ilikuwa tayari imo katika mjadala juu ya iwapo wakati uliopita unaweza kufungwa kama jalada.

Hoja hii ina uzito. Inawezekana kabisa kwamba mtazamaji wa mwaka huo aliiongeza mwenyewe sehemu ya tatu alipotoka ukumbini na kuikuta barabarani. Lakini filamu haiishi na hadhira yake ya kwanza pekee. Mwaka wa 2010 lilitolewa toleo la mwongozaji, lililorefushwa kwa takriban dakika ishirini, na toleo hilo nalo linaishia mwaka wa 1945. Mtazamaji wa leo, aliye mbali na mijadala ya wakati ule, anaipokea hadithi ambayo uovu wake una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Riwaya haimpi nafuu hiyo. Inambebea mtazamo wake wa wakati ndani yake yenyewe, katika kitanda cha hospitali.

Kitunguu cha Mwaka wa 2006

Jambo la mwisho linahusu mwandishi. Grass alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 1999, na kwa miongo mingi alihesabiwa kuwa sauti ya dhamiri ya nchi yake, akiwataka wenzake wakiri waliyoyatenda. Mnamo Agosti 2006, akiwa na umri wa karibu miaka 79, alitangaza kwamba mwishoni mwa vita, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa askari wa Waffen-SS. Habari hizo zilielezwa katika tawasifu yake Beim Häuten der Zwiebel, yaani 'Kumenya Kitunguu', iliyotoka mwaka huo. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Lech Wałęsa, aliyekuwa rais wa Poland, alimtaka auache uraia wa heshima wa Gdańsk, ingawa baadaye alilegeza msimamo.

Si sahihi kumchukulia Oskar kuwa Grass. Mhusika ni mhusika, na kosa la kuichanganya sauti ya msimulizi na ya mwandishi ni miongoni mwa makosa ambayo mwanafunzi wa fasihi huonywa mapema. Hata hivyo, ufichuzi huo unairudisha nuru kwenye sehemu ile iliyoachwa. Riwaya ya mwaka wa 1959 ina msimulizi anayesema kwanza jambo pungufu, kisha anarudi kulisahihisha. Ina watu wanaohitaji kitunguu ili wapate kulia. Mwandishi aliyeuchagua mfano wa kitunguu kwa tawasifu yake alikuwa ameutumia zamani kuwacheka wale wanaonunua machozi. Kama ni unafiki au ni ungamo lililochelewa, kila msomaji atajiamulia. Kilicho wazi ni kwamba Grass alikijua kile alichokiandika: kwamba maungamo huja kwa ngozi baada ya ngozi, na kwamba anayeungama leo anaweza kuwa bado anaficha la kesho. Mtu aliyeitazama filamu pekee hana namna ya kuliona jambo hili, kwa sababu kitunguu hakimo.

Funzo kwa Mhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Nchini Kenya, wanafunzi wa shule za sekondari wamezoea kutazama vitabu teule vikiigizwa na vikundi vinavyozunguka shuleni, na wengine huvitazama katika video. Maigizo hayo yana faida zake, na haifai kuyabeza. Tatizo huanza pale ambapo mwanafunzi, na wakati mwingine mwalimu wake, analichukulia igizo kuwa ni kitabu chenyewe kilichofupishwa. Uchambuzi uliotangulia unaonyesha kwamba kila uhawilishaji ni usomaji, na kila usomaji umechagua upande. Mhakiki anaweza kuanza na maswali matatu.

Kwanza, msimulizi amewekwa wapi na katika wakati gani? Katika Babu Alipofufuka, babu aliyekufa anarudi katika wakati wa sasa wa mjukuu wake K, mtu mwenye cheo na mali, na kumlazimisha aione hali ya nchi. Mwongozaji anayeweza kuihamishia hadithi hiyo katika enzi za kale, kwa majoho na mapanga, huenda akapata filamu ya kuvutia. Lakini atakuwa amemwokoa K, na kila anayefanana naye, kutokana na macho ya babu.

Pili, ni jambo gani linalosimuliwa zaidi ya mara moja? Marudio na masahihisho ndiyo yanayokatwa kwanza mswada unapofupishwa, kwa kuwa huonekana kama ziada. Mara nyingi ndimo ilimo siri ya kazi, kama kifo cha Jan kinavyothibitisha.

Tatu, hadithi inaishia wapi, na nani anabaki nje ya mwisho huo? Mwisho wa hadithi kuhusu uovu wa jamii hauwezi kuwa uamuzi wa umbo peke yake. Kuufunga mwaka ni kuifunga orodha ya wanaoulizwa.

Hitimisho

Filamu ya Die Blechtrommel inastahili tuzo zake. Uso wa David Bennent, sauti ya ngoma chini ya jukwaa, na nyanya katika shamba la viazi ni picha ambazo hata msomaji aliyeimaliza riwaya mara kadhaa atashukuru kuziona. Makala haya hayadai kwamba filamu ilipaswa kuwa riwaya. Yanadai tu kwamba ngoma ilizikwa mapema, na kwamba katika riwaya ngoma hiyo inaendelea kulia, mjini Düsseldorf, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Miisho yenyewe inatosha kuonyesha tofauti. Katika filamu, mama mzee anabaki nyuma shambani, gari moshi likiondoka. Ya kale yanaachwa mbali, tena kwa uzuri. Katika riwaya, Oskar anapotimiza miaka thelathini anakumbushwa kitisho cha mchezo wa utotoni, Mpishi Mweusi, ambaye siku zote alikuwa nyuma yake. Sasa hayuko nyuma tena. Yuko mbele, na anakuja.